Mchawi Si Mwanamazingaombwe: Istilahi za Sanaa ya Kiinimacho

Hivi karibuni tulipokea barua ya mwalimu mmoja wa shule ya sekondari. Alikuwa amewapa wanafunzi wake zoezi la kutafsiri muhtasari wa filamu ya kuchekesha ya Kimarekani iitwayo The Incredible Burt Wonderstone, iliyotolewa mwaka 2013. Wengi wao walianza tafsiri zao kwa namna moja: kwamba hii ni hadithi ya wachawi wa mji wa Las Vegas wanaoshindana. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono na kuuliza, “Mwalimu, kama hawa ni wachawi, mbona watu wanalipa kiingilio kwenda kuwatazama badala ya kuwakimbia?” Mwalimu akakiri kwamba hakuwa na jibu la kutosha, akatuomba msaada.

Swali hilo ni zuri kuliko tafsiri zote zilizoandikwa siku ile. Mwanafunzi aligundua, pasipo kufundishwa, kwamba neno lililotumiwa halilingani na jambo linalosimuliwa. Katika makala haya tutajaribu kulijibu. Tutaonyesha kwamba Kiswahili kina maneno yake ya kutosha kwa sanaa hii, na kwamba kosa la kuyaacha na kushika neno “mchawi” lina madhara yanayozidi alama za mtihani.

Filamu yenyewe

Yafaa kwanza tuieleze filamu, maana mifano yetu mingi itatoka humo. Burt, ambaye mhusika wake anachezwa na Steve Carell, ni mtoto mpweke anayeonewa na wenzake. Siku ya kuzaliwa kwake mama yake anampa zawadi ya sanduku la vifaa vya mazingaombwe, lenye jina la mwanamazingaombwe maarufu aitwaye Rance Holloway. Kwa sanduku hilo Burt anapata rafiki, Anton, anayechezwa na Steve Buscemi. Wakiwa watu wazima wanakuwa washirika mashuhuri wa jukwaa katika hoteli moja ya Las Vegas, lakini onyesho lao ni lilelile mwaka nenda mwaka rudi, na Burt amejaa kiburi.

Ndipo anapotokea Steve Gray, anayechezwa na Jim Carrey. Huyu hana jukwaa. Anafanya mambo yake barabarani mbele ya kamera, na mengi ya mambo hayo ni ya kuutesa mwili wake. Watazamaji wanamhamia. Burt na Anton wanajaribu kumwiga kwa kufungiwa ndani ya sanduku linaloona lililotundikwa juu ya barabara. Jaribio linavunjika vibaya, na ushirika wao nao unavunjika. Burt anafilisika, anapata kazi ya kuwatumbuiza wazee katika makao yao, na humo anakutana na Rance Holloway mwenyewe, mzee aliyekwisha kuichoka sanaa. Mwishowe Burt na Anton wanapatana na kuingia katika mashindano dhidi ya Gray.

Sasa tuirudie ile sentensi ya zawadi kama ilivyoandikwa na baadhi ya wanafunzi: mama alimpa mwanawe sanduku la uchawi. Kwa msomaji wa Kiswahili sentensi hii haielezi zawadi hata kidogo. Inaeleza urithi. Tunajua sote inavyosemwa kwamba mchawi humrithisha mwanawe tunguri zake ili kazi isife pamoja naye. Kwa hiyo tukio la huruma, la mama anayetaka kumfariji mtoto mpweke, limegeuka kuwa tukio la kutisha. Mtafsiri hakuongeza wala kupunguza neno hata moja, lakini hadithi imeharibika tangu ukurasa wa kwanza.

Chanzo cha kosa

Kosa linatokana na jambo linalojulikana vema na wafasiri. Kiingereza hutumia neno moja kwa watu wa namna mbili: yule mwenye nguvu za ajabu katika hadithi za kale, na yule afanyaye michezo ya kudanganya macho jukwaani. Mwenye Kiingereza hatatiziki, kwa kuwa muktadha humwambia ni yupi anayetajwa. Isitoshe, kwa mtu mwenye nia ya kudhuru jirani zake lugha hiyo ina neno lingine kabisa. Mtafsiri anayefungua kamusi kwa haraka hukuta maana kadhaa zimepangwa mstari mmoja, naye huchukua ya kwanza.

Kiswahili hakikugawa uwanja huu hivyo. Mchawi, au mlozi, ni yule anayesadikiwa kudhuru watu kwa nguvu za siri. Mganga ni yule anayetibu, au anayesadikiwa kuondoa madhara hayo. Mpiga ramli hutafuta yaliyofichika. Na kwa yule anayemeza pini mbele ya watu, au anayegeuza karatasi kuwa noti na kisha kupitisha kofia akiomba senti, lugha yetu ina maneno mazuri mawili ambayo yamekuwamo katika kamusi zetu kwa miaka mingi: mazingaombwe na kiinimacho. Wengi wetu tuliyasikia tukiwa wadogo, pale walimu walipotutangazia kwamba mchana kutakuwa na mazingaombwe na kila mtoto aje na senti zake. Hatukukimbia. Tuligombania nafasi za mbele.

Hapa ndipo lilipo jibu la yule mwanafunzi. Watu wanalipa kiingilio kwa sababu wanajua kwamba watadanganywa, na wameridhia kudanganywa. Kuna mapatano kati ya mchezaji na mtazamaji. Katika uchawi, kama watu wanavyousadiki, hakuna mapatano ya aina yoyote.

Uzito wa neno “mchawi”

Huenda wapo watakaosema kwamba tunalikuza jambo dogo, kwani filamu ni ya kuchekesha tu. Hatuna budi kueleza kwa nini hatukubaliani nao.

Neno “mchawi” katika Kiswahili halisimami peke yake. Daima lina mtu anayenyooshewa kidole. Methali hutuambia kwamba mchawi mpe mtoto amlee, yaani adui unayemwogopa mtwike dhamana ili ashindwe kukudhuru. Katika mazungumzo ya kila siku, timu ikifungwa au mradi ukianguka, husemwa kwamba watu sasa “wanamtafuta mchawi”, yaani wanatafuta wa kumbebesha lawama. Hata pale neno linapotumiwa kwa mzaha, maana yake ni mshitakiwa.

Na si mzaha siku zote. Nchini Tanzania, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Macho mekundu, yaliyoletwa na moshi wa miaka mingi jikoni, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Neno lililoweza kumtoa mtu roho halifai kugawiwa ovyo kwa kila mwenye kofia na karata.

Watumishi wa serikali nao wana sababu yao ya kujihadhari. Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928 wakati wa utawala wa Waingereza, na iliyowekwa katika Sura ya 18 ya sheria za Tanzania, humhesabia mtu kosa kwa kujidai tu kuwa ana uwezo wa uchawi. Kenya nayo ilitungiwa sheria yake ya uchawi mwaka 1925. Sasa afisa anayeandika kibali cha “onyesho la uchawi” katika ukumbi wa mji ameandika nini? Kwa herufi za karatasi hiyo ameruhusu jambo ambalo sheria inalikataza, ilhali nia yake ilikuwa kuruhusu burudani ya watoto siku ya sikukuu. Na karani wa mahakama anayemfasiria shahidi akichanganya maneno haya mawili, madhara yanaweza kuwa makubwa kupita ya kibali.

Mafunzo ya historia

Tatizo hili si letu peke yetu, wala si jipya. Mwaka 1584 Mwingereza mmoja, Reginald Scot, alichapisha kitabu cha kupinga mateso waliyokuwa wakipata watu walioshitakiwa uchawi. Miongoni mwa hoja zake alifafanua jinsi michezo ya mikono, karata na sarafu inavyofanywa, ili wasomaji waone kwamba jambo la ajabu laweza kufanyika pasipo nguvu zozote za giza. Kwa hiyo mojawapo ya vitabu vya kwanza vya Kiingereza kueleza mazingaombwe kiliandikwa kwa ajili ya kuwatetea watu wasiuawe. Kutenganisha mambo haya mawili kulikuwa suala la uhai tangu wakati huo.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi sisi wafasiri. Jean-Eugène Robert-Houdin, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1805, alikuwa mwanamazingaombwe mashuhuri. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Aljeria ili aonyeshe kwamba nguvu za Wafaransa ni kubwa kuliko zile za viongozi wa kidini waliokuwa wakiheshimiwa na wananchi. Mchezo wake mmoja ulikuwa wa kasha dogo. Alimwita mtu mwenye misuli alinyanyue, naye akalinyanyua bila taabu. Kisha akamwambia kwamba amemnyang'anya nguvu zake, na yule mtu akashindwa kulitikisa hata kidogo. Hila yake ilikuwa sumakuumeme iliyofichwa chini ya jukwaa, ikilishika kasha mara tu umeme ulipopitishwa.

Huku ni kutumia mazingaombwe kama silaha ya utawala, na silaha hiyo ilikuwa na makali pale tu watazamaji walipodhani kuwa wanaona uchawi. Lakini Robert-Houdin mwenyewe ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba baada ya maonyesho hayo wakalimani waliagizwa kuwafahamisha wananchi kuwa mambo waliyoyaona yalikuwa ustadi tu wa mikono na hayakuhusiana na uchawi. Tunaona basi kwamba hofu ilitengenezwa na serikali, kisha kazi ya kuifumua ikatupiwa wakalimani. Ingefaa kila mfasiri aikumbuke habari hii anapochagua neno.

Wafaransa nao walikuwa wamekwisha kuliona tatizo. Mwanzoni mwa karne ya 19 walijiundia neno jipya la sanaa hii kwa kuunganisha maana ya wepesi na maana ya vidole, ili mchezaji wa jukwaani asichanganywe na mchawi. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, kwa kuwa maneno tunayo nyumbani.

Istilahi tunazozipendekeza

Kanuni ya kazi yetu ni kuanza kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Katika uwanja huu kanuni hiyo inatosha. Kinachohitajika ni kulipa kila neno eneo lake, ili maneno mawili yasigombee maana moja na maana moja isikose neno.

1. Mazingaombwe. Liwe jina la sanaa yenyewe na la maonyesho yake. Kwa hiyo tutasema onyesho la mazingaombwe, vifaa vya mazingaombwe, historia ya mazingaombwe.

2. Kiinimacho. Liwe jina la kile anachokiona mtazamaji na ambacho hakiko. Neno lenyewe linaonyesha kwamba jambo linatokea ndani ya macho ya anayetazama, wala si katika kitu kinachotazamwa. Ni istilahi yenye uwazi mkubwa, nayo itawafaa hata walimu wa sayansi wanapofundisha jinsi jicho linavyodanganyika.

3. Mchezo na hila. Mchezo ni tendo moja lionekanalo jukwaani. Hila ni njia ya siri inayoliwezesha. Tofauti hii ni ya lazima. Katika filamu yetu Burt na Anton wanamaliza kwa mchezo wa kuwatowesha watazamaji wote ukumbini na kuwatokeza mahali pengine. Hila ni kwamba watazamaji wamelazwa usingizi, wakabebwa hadi nje kama magunia, kisha wakapangwa upya vitini. Mchekeshaji wa filamu anatuonyesha mchezo na hila kwa pamoja, na kicheko kinatoka katika umbali uliopo baina ya mambo hayo mawili. Mtafsiri asiyetenganisha mchezo na hila hatakifikisha kicheko hicho. Aidha tunatahadharisha kuhusu neno “dawa” mahali hapa. Tukiandika kwamba watazamaji walipewa dawa wakatoweka, tumekwisha kurudi kwa mganga. Afadhali kusema “kitu cha kulaza usingizi”.

4. Mwanamazingaombwe, wingi wanamazingaombwe. Tumelipima neno hili pamoja na “mfanya mazingaombwe” na “mcheza mazingaombwe”. Yote yanaeleweka, lakini yale mengine ni maneno mawili mawili, na hili linafuata njia iliyokwisha kukubalika katika mwanamuziki, mwanamichezo na mwanasarakasi. Tena halibagui jinsia. Jane, msaidizi ambaye Burt hashughulikii hata kulijua jina lake, naye ana ndoto ya kuwa mwanamazingaombwe, na neno litamfaa bila kuongezwa kitu.

5. Wepesi wa mkono. Ni ustadi wa kuficha, kubadili na kutokeza vitu vidogo kwa vidole bila kuonekana.

6. Kuzuga. Ni kuyavuta macho na mawazo ya mtazamaji yaende mahali pasipo na kitu, wakati hila inafanyika kwingine. Neno hili linaishi katika vinywa vya watu, nasi hatuoni sababu ya kuliacha na kutunga jingine. “Kupotosha” halifai, maana limekwisha kushikwa na habari za uongo.

7. Kutowesha na kutokeza. Ni vitenzi viwili vinavyokabiliana: kukifanya kitu kisionekane, na kukifanya kionekane pasipokuwa na kitu.

8. Kuelea hewani. Linatumika pale mtu anaponyanyuka bila kushikwa. Mfasiri atavutwa kuunda kitenzi cha kusababisha kutokana na “elea”, nacho kitakuwa “eleza”. Lakini tukiandika kwamba mwanamazingaombwe alimweleza msaidizi wake hewani, hakuna atakayedhani kwamba msaidizi alinyanyuka. Tuseme “alimfanya aelee hewani”.

9. Onyesho la ustahimilivu. Hili tunalipendekeza kwa ajili ya mambo anayoyafanya Steve Gray. Analala juu ya makaa ya moto, na katika mashindano anatoboa kichwa chake mwenyewe kwa keekee. Humo hamna kiinimacho: maumivu ni ya kweli na jeraha ni la kweli. Uhasama wa filamu nzima umesimama juu ya swali hili, kama mtu anayejiumiza mbele za watu anastahili kuitwa mwanamazingaombwe. Lugha ikitoa maneno mawili, msomaji ataliona swali. Ikitoa neno moja, tena likiwa “mchawi”, swali limezikwa.

Kuhusu jina la filamu, tungependekeza “Burt Wonderstone Asiyesadikika”. Neno hili la mwisho lina faida ya kubeba maana mbili kwa pamoja, ya mtu wa ajabu na ya mtu ambaye maneno yake hayaaminiki. Burt ni yote mawili. Tunashauri kwamba neno “miujiza” lisitumiwe katika matangazo ya maonyesho ya namna hii, kwani lina mahali pake katika dini. “Maajabu” yatosha.

Pingamizi mbili

Wapo wanaopendekeza “uchawi wa jukwaani”, wakidai kwamba kivumishi kinaondoa hatari. Uzoefu wetu unaonyesha vinginevyo. Maneno ya nyongeza huanguka njiani. Mwandishi huandika “uchawi wa jukwaani” katika kichwa cha habari, na kufikia aya ya tatu umebaki uchawi mtupu.

Wengine husema kwamba hata mazingaombwe hudhaniwa na baadhi ya watu kuwa yanafanywa kwa msaada wa majini, na kwamba neno hutumika pia kuwabeza wanasiasa na mahesabu yao. Yote mawili ni kweli. Kuhusu la pili, kubeza huko kunatuunga mkono: anayeyaita mahesabu mazingaombwe anamaanisha kwamba kuna hila, na kwamba hila hiyo yaweza kufichuliwa. Kuhusu la kwanza, istilahi haina uwezo wa kuwakataza watu kuamini wanachokiamini. Lakini ina wajibu wa kutowatangulia. Mtu akitaka kuamini kwamba kuna jini ndani ya kofia, na aamini kwa hiari yake. Tafsiri isimwekee jini humo.

Hitimisho

Tukimrudia yule mwanafunzi, tungependa mwalimu wake amjibu hivi: watu hawawakimbii kwa sababu si wachawi, ni wanamazingaombwe, na hofu haina nafasi baina yao na watazamaji wao. Baada ya hapo darasa liifanye upya tafsiri yake, nasi tunaamini kwamba safari hii mama atampa mwanawe zawadi.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa ofisi wazipime istilahi hizi katika kazi zao, na watuletee maoni yao, hasa wale wenye maneno ya lahaja zao kwa mambo haya. Istilahi inayokaa katika orodha tu ni kama karata iliyosahauliwa ndani ya mkono wa kanzu: ipo, lakini mchezo hauendi mpaka itolewe.